Timu Inayoweza Kufungasha Virago: hotuba kwa Waswahili wa Winnipeg

Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi jioni kwenye mkutano wa jumuiya yetu hapa Winnipeg, Kanada. Wengi hamkufika kwa sababu ya theluji, na wengine mlikuwa zamu ya usiku. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada na kaka zangu wa Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Mombasa na kwingineko, habari za jioni. Vijana mliokaa kule nyuma na jezi zenu za buluu, nimewaona. Leo nazungumza zaidi na wazazi wenu, lakini ninyi ndio mlionisukuma nisimame hapa.

Nianze na swali nililoulizwa na mama mmoja aliyeketi hapa mbele. Amenipa ruhusa nilitaje. Kazi yake ni kumtunza mzee mmoja wa mji huu, mzee aliyepita miaka themanini. Anampikia, anampa dawa, anampeleka hospitali. Sebuleni kwa yule mzee, pembeni ya picha ya marehemu mkewe, kuna tiketi ya hoki iliyowekwa kwenye fremu ya kioo. Tarehe yake ni 28 Aprili 1996. Mama akamuuliza, "Mzee, siku hiyo mlichukua kombe?" Mzee akajibu, "Hapana. Tulifungwa nne kwa moja." Halafu akageuka akatazama dirishani.

Mama akaja kwangu akasema, "Hebu nieleze. Mtu anatundikaje ukutani tiketi ya mechi aliyofungwa?"

Ndugu zangu, nimekuja na jibu la swali hilo. Ni refu kidogo, kwa hiyo mnivumilie. Na ndani yake mna neno moja mtakalolisikia sana kwenye redio za hapa kila wanapoizungumzia Jets, timu ya hoki ya mji huu. Wanasema Winnipeg ni soko dogo. Soko dogo, soko dogo, soko dogo. Soko la nini? Dogo kwa nani?

Mimi nilikulia Mwanza, na timu yetu ilikuwa Toto Africans. Waliotoka Kanda ya Ziwa wananielewa. Simba au Yanga wakija Kirumba, zaidi ya nusu ya uwanja ilikuwa inamshangilia mgeni. Kijana wetu akianza kuwika, msimu ukiisha unasikia yuko Dar es Salaam. Tulijua sisi ni wadogo, wala hakuna aliyehitaji kutuambia. Mwisho timu ikashuka daraja, na iliuma. Lakini nawauliza: iliposhuka daraja, ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Ilibaki Mwanza. Hakuna tajiri aliyekuja na malori akapakia jezi, wachezaji na makombe, akavipeleka Arusha kwa kuwa Arusha kuna watalii wenye dola.

Huku, hilo linawezekana. Ligi kuu ya hoki ya barafuni, NHL, ina timu 32. Hakuna kupanda daraja wala kushuka daraja. Ukiwa wa mwisho, mwakani utakuwepo tena. Lakini kila nafasi kati ya hizo 32 ina mmiliki wake. Mmiliki akiona mji haumlipi, na wamiliki wenzake wakimkubalia, anaichukua nafasi yake anaondoka nayo. Kule kwetu timu inaweza kufa maskini ikiwa nyumbani. Huku timu inaweza kuamka asubuhi ikiwa ya mji mwingine.

Ndicho kilichotokea hapa.

Jets walianza mwaka 1972, katika ligi nyingine iliyokuwa inashindana na NHL. Mwaka huohuo walimchukua Bobby Hull, mmoja wa nyota wakubwa kabisa wa hoki, kutoka Chicago. Alilipwa dola milioni moja za kusaini, na hafla ya kumkabidhi hundi ikafanyika pale makutano ya Portage na Main, pale pale tunaposubiri basi na upepo unatukata masikio. Mji mdogo ulifanya jambo ambalo miji mikubwa haikuthubutu. Mwaka 1974 wakawaleta Anders Hedberg na Ulf Nilsson kutoka Sweden, wakati ambapo watu wengi wa hoki Amerika ya Kaskazini waliamini kwamba mchezaji wa Ulaya ni laini, hawezi kuhimili vishindo. Winnipeg haikuwa na anasa ya kuamini hivyo. Ilitafuta vipaji ambako wenye fedha hawakuwa wanatazama. Leo timu zote zimejaa Waswidi, Wafini, Warusi na Wacheki, na sehemu kubwa ya njia hiyo ilichongwa hapa. Vijana, mlijue hilo kuhusu mji wenu.

Mwaka 1979 Jets wakaingia NHL pamoja na Edmonton, Quebec na Hartford. Timu nne, miji minne isiyo mikubwa. Niambieni, kati ya hizo nne, ni ngapi zilizodumu mahali pake bila kuondoka hata mara moja? Ni moja tu. Quebec waliondoka 1995 kwenda Colorado. Winnipeg wakaondoka 1996. Hartford wakaondoka 1997. Edmonton walibaki, na nitawaeleza baadaye walibaki vipi.

Kwa nini waliondoka? Hapa nataka tukae kidogo, maana mimi ni mhasibu na sehemu hii naipenda.

Mchezaji wa NHL analipwa kwa dola ya Marekani. Awe anacheza New York au Winnipeg, mkataba wake ni wa dola ya Marekani. Lakini shabiki wa Winnipeg ananunua tiketi, soseji na jezi kwa dola ya Kanada. Katikati ya miaka ya tisini dola ya Kanada ilikuwa na thamani ya senti 73 hivi za Marekani. Maana yake, ukimwahidi mchezaji dola milioni moja, unatakiwa utafute dola za Kanada milioni moja na karibu laki nne. Kabla hujanunua hata fimbo moja umeshaanza mechi ukiwa nyuma. Nanyi mnaotuma fedha nyumbani kila mwezi, kuna haja ya kuwaeleza kiwango cha kubadilisha fedha kinavyoweza kumla mtu? Mnajua wenyewe.

Juu ya hilo, siku zile mishahara haikuwa na ukomo. Mwenye nacho alilipa alivyotaka. Na ukumbi wa zamani wa Winnipeg haukuwa na vile vyumba vya kifahari vya juu ambavyo makampuni hukodi kwa msimu mzima, vyumba ambavyo kwa timu za siku hizi ni kama ng'ombe wa maziwa.

Masika ya 1995 ikatangazwa kwamba timu inaondoka. Watu wa mji huu walifanya nini? Walikusanyika The Forks, pale mito inapokutana katikati ya mji, makumi ya maelfu. Walichanga. Kuna watoto waliovunja vibubu vyao wakaleta sarafu. Watoto, ndugu zangu! Michango ile ikanunua msimu mmoja tu. Mwezi Februari 1996 Teemu Selänne, Mfini aliyefunga mabao 76 katika msimu wake wa kwanza hapa, rekodi ambayo hakuna mchezaji wa msimu wa kwanza ligini aliyeifikia hadi leo, akauzwa Anaheim. Tarehe 28 Aprili, kwenye mtoano dhidi ya Detroit, ukumbi mzima ukiwa umevaa nyeupe kama ilivyokuwa desturi yao tangu 1987, Jets wakafungwa nne kwa moja. Mechi ikaisha. Timu ikahamia Phoenix, Arizona.

Sasa mama, umeelewa tiketi ile ni ya nini? Yule mzee hakutundika tiketi ya kufungwa. Alikuwa msibani, na ile ndiyo iliyobaki mkononi mwake.

Nije kwenye jambo la pili, na hapa nataka kumbishia anayesema soko ni idadi ya watu. Siyo. Winnipeg kwa sensa ya 2021 ina watu takriban laki saba na nusu. Toronto na vitongoji vyake ni zaidi ya milioni sita. Tukihesabu vichwa tu, hatuna hata sababu ya kuendelea kuzungumza. Lakini tazameni Phoenix. Mji ule na viunga vyake una watu karibu milioni tano. Timu iliyotoka hapa ilipelekwa kule kwa sababu kule ni soko kubwa. Ilikwendaje?

Ilicheza katikati ya mji kwenye ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu, ambako baadhi ya viti vilikuwa havioni goli moja. Ikahamia Glendale, mbali na walikoishi mashabiki wake wengi. Mwaka 2009 mmiliki akaenda mahakamani kutangaza kufilisika, na ligi yenyewe ikalazimika kuichukua na kuiendesha. Mwaka 2022 ikahamia kwenye ukumbi wa chuo kikuu wenye viti 4,600 hivi. Timu ya NHL! Mei 2023 wapiga kura wa Tempe wakaukataa mpango wa kuijengea ukumbi mpya. Aprili 2024 ikafungasha tena virago, wachezaji wakapelekwa Salt Lake City.

Atlanta nayo, zaidi ya watu milioni tano, imepoteza timu mbili. Ya kwanza ilikwenda Calgary mwaka 1980. Ya pili, Thrashers, ilikwenda wapi? Wapi? Nasikia vijana mnanong'ona. Semeni kwa sauti. Ilikuja hapa. Jets hawa mnaowavaa leo ni Thrashers wa Atlanta.

Naomba tulitulie hilo kidogo, maana hapa mjini halisemwi sana. Tarehe 31 Mei 2011 Winnipeg ilicheza ngoma barabarani. Siku hiyohiyo kulikuwa na mtoto Atlanta aliyekuwa na jezi kabatini na hana tena timu. Alikuwa amekaa kwenye kiti walichokaa watoto wa Winnipeg mwaka 1996. Sisi tuliokimbia makwetu, tukapewa makao, tunajua kwamba baraka ya mmoja mara nyingine imepitia mlangoni kwa mwingine aliyefungiwa. Sisemi watu wa hapa wasifurahi. Nami nilifurahi. Nasema tusiseme kwamba watu wa Atlanta hawakuipenda timu yao. Wale waliokuwepo waliipenda. Walipewa timu iliyofika mtoano mara moja tu katika miaka kumi na moja, na wamiliki wenye ugomvi wao kwa wao.

Basi soko ni nini? Soko ni watu, ndiyo, lakini ni watu wangapi walio tayari kutoka nyumbani Jumanne usiku mwezi Januari. Ni makampuni mangapi yana makao makuu mjini kwako na yako tayari kukodi vyumba vya juu. Ni ukumbi uko wapi, una viti vingapi, na ni wa nani. Ni televisheni ya eneo lako inalipa kiasi gani. Fedha za matangazo ya kitaifa timu zote hugawana sawa, lakini fedha za mlangoni na za matangazo ya eneo hubaki kwa aliyezipata, na wadogo hurudishiwa sehemu tu kupitia mgawanyo wa mapato. Na hoki, kuliko michezo mingine mikubwa ya huku, inategemea sana fedha za mlangoni. Inamtegemea mtu aliyenunua tiketi. Hilo mlishike, nitalirudia.

Jambo la tatu: je, soko kubwa linanunua ushindi?

Zamani lilijaribu. Tarehe 9 Agosti 1988 Edmonton, wakiwa mabingwa, walimtoa Wayne Gretzky kwenda Los Angeles. Gretzky! Kulikuwa na wachezaji wa kubadilishana na haki za kuchagua vijana wapya wanaoingia ligini, lakini ndani yake kulikuwa pia na dola milioni 15 za Marekani, fedha taslimu ambazo mmiliki alizihitaji. Mbunge mmoja alisimama kutaka serikali izuie. Kwa watu wa Edmonton ilikuwa kama mtu amekuja kuubeba Mlima Kilimanjaro. Miaka kumi baadaye timu nzima ilikuwa ichukuliwe kwenda Houston. Safari hii wafanyabiashara wa Edmonton zaidi ya thelathini wakaweka fedha pamoja, kila mmoja kwa uwezo wake, wakainunua. Mchango! Hakuna neno lingine la Kiswahili kwa jambo lile. Harambee, mchango, upatu, liiteni mnavyopenda. Ndiyo sababu kati ya zile timu nne za 1979, ni Edmonton peke yake ambayo haikuondoka.

Kisha 2004, kwa ugomvi wa mishahara, wamiliki wakawafungia wachezaji milango, msimu mzima wa 2004–05 ukafutwa. Haikuchezwa hata mechi moja, wala Kombe la Stanley, kombe la bingwa wa ligi, halikutolewa. Ligi iliporudi ilikuja na ukomo wa mishahara: dola milioni 39 kwa kila timu, uwe New York au Nashville. Msimu wa 2025–26 ukomo uliwekwa dola milioni 95.5. Ipo sakafu pia: msimu huo hakuna timu iliyoruhusiwa kutumia chini ya milioni 70.6.

Ukomo ule ulisaidia, nami nausifu. Bila ukomo ule hakuna Jets leo. Lakini hata kabla yake fedha haikuwa inafunga mabao yenyewe. New York Rangers msimu wa 2003–04 walilipa mishahara ya zaidi ya dola milioni 70 na hawakufika hata kwenye mtoano. Toronto, timu tajiri kuliko zote, kombe lao la mwisho ni la 1967. Mwaka 1967! Uhuru wa Tanganyika ulikuwa haujatimiza hata miaka sita. Ukumbi wao unajaa kila usiku, kombe haliji. Shabiki wa Toronto naye ana maumivu yake: mfanyakazi wa kawaida mwenye watoto wawili kupata viti kule ni ndoto, kwa sababu viti vimeshikwa na makampuni na watu wenye nafasi. Kwa hiyo msidhani soko kubwa ni peponi kwa shabiki. Ni pepo ya mmiliki.

Lakini kuna kitu ukomo haukukitatua, na hiki nimekitafakari sana nikiwa na vitabu vyangu vya hesabu. Ukomo wa mishahara unakokotolewa kutokana na mapato ya ligi nzima. Wachezaji wanapata nusu. Toronto wakipandisha bei na watu wakalipa, mapato ya ligi yanapanda. Las Vegas wakijaza ukumbi, yanapanda. Yakipanda, ukomo unapanda, na sakafu nayo inapanda. Inapanda kwa wote. Kwa hiyo mafanikio ya Toronto yanakuja kumdai fundi bomba wa Winnipeg. Anatakiwa asaidie kujaza mfuko ambao kimo chake kimepimwa kwa urefu wa mtu mwingine. Chukueni hizo milioni 95.5, zigeuzeni kwa dola yetu ya senti sabini na kitu. Mnapata takriban milioni 130 za Kanada. Mwaka 2011 timu iliporudi, dola ya Kanada ilikuwa sawa na ya Marekani, hata kuipita kidogo. Hiyo ni moja ya sababu timu iliweza kurudi. Dola ile haipo tena.

Sasa nizungumzie niliyoyaona kwa macho yangu.

Mimi nilifika Winnipeg majira ya baridi ya 2008. Mwaka 2011 nilikuwa nasoma mchana, na usiku nafanya usafi ukumbini, baada ya mechi. Nilikuwepo mwaka ule tiketi za msimu zilipouzwa. Mji uliambiwa: tuonyesheni kwamba mnaweza, tunataka tiketi za msimu 13,000, na mfunge mkataba wa miaka mitatu hadi mitano. Sehemu ya kwanza walipewa waliokuwa mashabiki wa Moose, timu ya daraja la chini iliyoutunza mji miaka yote ile ya ukiwa. Zilizobaki zilipofunguliwa kwa umma ziliisha ndani ya dakika 17. Ugali wako ungekuwa bado haujaiva.

Tarehe 9 Oktoba 2011 mechi ya kwanza, dhidi ya Montreal. Tulifungwa tano kwa moja. Bao letu moja alilifunga Nik Antropov, na mimi nilikuwa chini, kwenye chumba cha vifaa, nikajua kwamba limefungwa kwa sababu ndoo ya maji ilikuwa inatetemeka. Baada ya mechi tulichelewa kuanza kazi kwa sababu watu hawakutaka kutoka. Walikuwa wamekaa tu, wanatazama barafu. Wazee wengine walikuwa wanalia, na mimi nikiwa na ufagio mkononi sikujua kwa nini. Nilikuwa kama mama hapa na ile tiketi ya mzee. Nilijua siku nyingi baadaye.

Mfagiaji anajua hesabu za mahudhurio kuliko mtu yeyote. Miaka ile ya mwanzo kila safu ilikuwa na vikombe, maganda ya alizeti, kofia iliyosahauliwa. Nilibaki na kazi ile ya usiku hata baada ya kupata kazi ya ofisini, kwa sababu ada za watoto hazikungoja. Baada ya janga la korona nikaanza kukuta safu ambazo hazikuhitaji ufagio. Kwanza huku juu pembeni, kisha karibu na kati. Nilijua kuna kitu kabla haijatangazwa. Mwanzoni mwa 2024 mwenyekiti wa timu, Mark Chipman, akasema hadharani: tiketi za msimu zimeshuka kutoka zile 13,000 hadi chini kidogo ya 9,500, na hali hiyo haiwezi kuendelea kwa muda mrefu.

Mnaweza kufikiri maneno yale yalivyosikika kwa mtu aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1996? Mimi nilikuwa dukani siku ile. Muuzaji alikuwa ameyasikia redioni, akasimama na chenji yangu mkononi. Akasema tu, "Tena?"

Wengine walikasirika, wakasema wanatishwa ili wanunue. Nawaelewa. Mtu aliyeachwa mara moja hapendi kukumbushwa kwamba anaweza kuachwa. Bei za vyakula zilikuwa zimepanda, kodi za nyumba zimepanda, na tiketi ya msimu ni fedha nyingi kwa familia. Na kumbukeni ukumbi wetu ni mdogo, viti elfu kumi na tano na kidogo. Montreal wana zaidi ya elfu ishirini na moja. Hapa makampuni makubwa si mengi, kwa hiyo mzigo umebebwa na watu binafsi: mwalimu, dereva wa lori, mashemeji wawili wanaogawana viti. Kwenye soko kubwa, shabiki mmoja akiacha, kuna mwingine kwenye foleni. Kwenye soko dogo, shabiki mmoja akiacha, kiti kinabaki wazi na mfagiaji anakiona.

Lakini mji mdogo una kitu kingine. Wachezaji wengi huogopa kuja hapa. Baridi, umbali, maisha ya utulivu. Oktoba 2023 kipa wetu Connor Hellebuyck na mshambuliaji Mark Scheifele walikuwa wamebakiza mwaka mmoja tu wa mkataba, na kila mtu alidhani wanaondoka. Wakasaini siku moja, wote wawili, miaka saba kila mmoja. Mji ulipumua. Msimu wa 2024–25 timu ikamaliza na pointi 116, ya kwanza katika ligi nzima, na Hellebuyck akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Tarehe 4 Mei 2025, mechi ya saba na ya mwisho ya mtoano dhidi ya St. Louis, tukiwa nyuma bao moja, Cole Perfetti akasawazisha zikiwa zimebaki sekunde chini ya mbili. Chini ya mbili! Binti yangu alikuwa ameshaanza kulia, akabaki na mdomo wazi. Katika muda wa ziada wa pili nahodha Adam Lowry akamaliza kazi. Tulitoka nje. Mtaa mzima ulikuwa nje. Jirani ambaye kwa miaka sita tulikuwa tunapungiana mkono tu alinikumbatia hadi miguu yangu ikaachana na ardhi.

Wazazi wangu, hiyo ndiyo sababu nimesimama hapa. Watoto wetu wanaipenda timu hii. Msiwaambie hoki ni ya Wazungu. Nairobi kuna Ice Lions, waliojifunzia kwenye barafu iliyo ndani ya hoteli, barabara ya Mombasa, uwanja mdogo kuliko wa kawaida. Mwaka 2018 waliletwa Kanada wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon upande wao. Kama kuna soko dogo kuliko lile, mimi silijui, na wanacheza.

Sikuja kumwambia mtu anayelipa deni la nauli ya ndege iliyoileta familia yake akanunue tiketi ya msimu. Kuna barafu za bure mitaani kwetu, kuna njia ya kuteleza mtoni pale The Forks, kuna redio. Hayo yanatosha kuipenda timu. Lakini tuko watu wengi humu ndani, na upatu tunaujua tangu utotoni. Msimu wa 2025–26 una mechi 41 za nyumbani. Viti viwili vya juu, tukigawana familia kumi, kila familia inapata mechi nne, na moja inayobaki tunaipigia kura. Nimepiga hesabu, ni fedha ya pizza mara mbili kwa mwezi kwa kila familia, kwa msimu. Anayeweza, aandike jina. Asiyeweza, asione haya.

Karatasi iko pale mlangoni, karibu na makoti. Msishangae mkikuta mstari wa kwanza umeshajazwa. Mama alimweleza yule mzee mpango wetu, naye akauliza kama lazima mtu awe anajua Kiswahili. Mama akamwambia hapana. Basi amechukua zamu moja, ya mwezi Machi, na ameomba kiti cha upande wenye lifti.

Ahsanteni sana. Chai iko tayari.